Gunia la mbegu na kisanduku cha umeme wa ndege



Leo nataka kueleza juu ya kisanduku kimoja cha umeme kinachokaa ndani ya ndege. Najua wengine watasema: «Agronome, hiyo njo kazi yako?» Mungoje kidogo. Habari hii inaanzia ku mayai ya kuku, inapita ku ndege, na mutaona ya kama mbegu iko ndani yake.

Mwaka uliopita tulisaidia kikundi kimoja cha wamama hapa Nyangwe kuanza kufuga kuku. Tulijenga kuveze, ni kusema sanduku la kutotolesha mayai, lenye kutumia pano sola na batri. Mwenye kufunga umeme alikuwa mdogo wangu mmoja wa mtaa, kijana anayetengeneza redio, simu na regilateri karibu na soko. Termostati tuliinunua kwa mfanyabiashara. Juu ya karatoni kulikuwa alama nzuri za kusema imepimwa. Tukaijaribu siku 2, ikaenda vizuri: joto likifika nyuzi 37,7 inakata, likishuka inawasha. Tukatia mayai 180, feza ya michango ya wamama wenyewe.

Usiku wa siku ya 14 rele ya ile termostati ikashikamana, haikukata tena. Asubuhi joto lilikuwa limepita nyuzi 45. Hakuna hata kifaranga kimoja kilichopona. Mama prezida wa kikundi hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: «Wanangu, nani alishuhudia ya kama hii kitu itakata kila siku?»

Tulinyamaza. Sisi tulishuhudia siku 2.

Kisha pale, jioni moja tulikuwa tunakunywa chai mbele ya duka la kijana, ndege kubwa ikapita juu sana, taa yake inawaka inazima. Akaniuliza: «Yaya, mule ndani iko regilateri pia, ao hapana?» Nikamwambia iko. Akauliza bei. Sikujua. Nikatafuta, nikasoma, na wiki iliyofuata nikamwambia: kisanduku kile kinaomba watu wengi na kazi ya miaka, feza yake haiwezi kulinganishwa na vitu vyetu. Akacheka: «Vipande ni sawa na hivi vyangu, transista, kondensateri na chipu. Hiyo bei ni ya nini sasa?»

Jibu fupi: bei kubwa si ya vipande. Ni ya lile neno la mama prezida. Nani alishuhudia?

KISANDUKU KINAFANYA KAZI GANI

Kila motere kubwa ya ndege inazungusha jenereta. Motere ikienda mbio, jenereta nayo inaenda mbio, ikipunguza, inapunguza. Bila kuongozwa, umeme ungepanda na kushuka sawa maji ya Lualaba kati ya mvua na kiangazi. Kwa hiyo pembeni ya jenereta kunakuwa kisanduku cha kuiongoza. Kazi zake ni tatu. Ya kwanza, kushika volti fasi moja. Ya pili, kuchunga: volti ikizidi, ikipungua, ao waya ikigusa mwili wa ndege, kinapashwa kukata mbele vyombo havijaungua. Ya tatu, kusema nani anaingia ku laini na nani anatoka, ili jenereta moja ikikufa, zingine zichukue mzigo wake.

Mwenye kuwa na pano sola ku nyumba ataona: ni kazi ya regilateri, lakini pana zaidi.

Tuchukue Boeing 787, juu hii ndege inajulikana pande zetu za Afrika. Ethiopian Airlines ilipokea ya kwanza yake 2012, Kenya Airways 2014. Iko na jenereta 4 ku motere zake mbili, kila moja ya kVA 250, na zingine 2 za kVA 225 ku motere ndogo ya mkia. Ukizijumlisha ni kVA 1.450. Zile grupu ndogo za sokoni zenye kVA 1, utapanga 1.450 ndipo ufike. Tena mu hii ndege umeme unafanya kazi ambazo mu ndege zingine zinafanywa na hewa ya moto kutoka ku motere: kusukuma hewa ya kupumua, kuzuia barafu ku mabawa, hata kuwasha motere zenyewe. Umeme wote ukipotea angani, inabaki batri na pangaboi moja ndogo inayoshuka chini ya ndege na kuzungushwa na upepo. Hiyo ni ya kuokoa maisha tu.

HESABU YA BILIONI

Wenye kutunga kanuni za ndege wanaanza na ulizo lile lile la kila mzazi: hii kitu ikiharibika, nini itafikia watu? Wanapanga majibu mu ngazi 5, kutoka A mpaka E. Ngazi A ni pale kuharibika kunaweza kuangusha ndege na kuua watu wengi. B ni hatari kubwa. C ni shida yenye kuongezea rubani kazi na kupunguza usalama. D ni shida ndogo. E haigusi usalama, kama vile sinema ya abiria. Vyombo vya kuongoza umeme mkubwa wa ndege vinaangukia kwa kawaida ku ngazi za juu.

Kwa maangamizi ya ngazi A, kanuni inaomba yasiweze kufika hata mara 1 mu saa bilioni 1 za kuruka. Saa bilioni 1 ni kiasi gani? Zaidi ya miaka 114.000. Hata ukiwasha visanduku 1.000 pamoja, usiku na mchana, utangoja zaidi ya miaka 114 mbele ya kumaliza hizo saa. Mtu gani ataingoja?

Kuna njia ingine, ya kujaribu kila hali inayoweza kutokea ndani ya chipu. Chukua chipu yenye swichi ndogo 64 tu, kila moja iwe wazi ao imefungwa. Ukijaribu hali milioni 1 kila segonde, utamaliza baada ya miaka zaidi ya 500.000. Na chipu za leo ziko na swichi mamilioni.

Njo hapa ile siku 2 yetu ya kuveze ilinifanya haya. Kujaribu ni kuzuri, lakini kujaribu peke yake hakuwezi kushuhudia. Ni lazima kitu kingine.

GUNIA HALISEMI

Kile kitu kingine, mimi nilikwisha kukijua ku shule bila kujua ya kama nakijua. Mtu akikuletea magunia mawili ya mpunga, moja mbegu, lingine la kula, utayatofautisha namna gani? Macho hayaoni. Unaweza kuhesabu punje ngapi zinaota, na hiyo inasaidia. Lakini mchanganyiko wa aina nyingi na ugonjwa uliojificha ndani ya punje, gunia haliwezi kukuambia yote. Utajua msimu ujao, wakati mpunga mmoja unaiva na mwingine bado unatoa maua, na njaa iko mlangoni.

Ndiyo sababu mu inchi yetu SENASEM haithibitishi gunia peke yake. Inaanza ku shamba. Mbegu mama ilitoka wapi? Shamba lilipandwa nini msimu uliopita? Liko mbali kiasi gani na mashamba ya watu wengine? Inspekteri anapita wakati wa maua, anapita tena mbele ya kuvuna, kisha sampuli inaenda ku laboratuari. Etiketi ni neno la mwisho la hadithi ndefu. Ukikosa kuangalia wakati wa maua, huwezi kurudi nyuma. Maua yamekwisha kuanguka.

Basi, kisanduku cha ndege nacho ni vile. Juu hakuna anayeweza kukijaribu mpaka mwisho, wanathibitisha njia kilichopitia, kutoka wazo la kwanza mpaka kiwandani.

NJIA YENYEWE

Kwa upande wa vipande vya elektroniki, njia ile imeandikwa mu hati yenye jina DO-254. Ilitolewa 2000 na RTCA ya Marekani. Ulaya wanaiita ED-80. Iko na ndugu zake: DO-178 inasema juu ya programu zinazotembea ndani ya chipu, na DO-160 inasema namna ya kutesa kisanduku kizima kwa joto, baridi, unyevu, kutikisika na radi. Ukitoa maneno magumu, DO-254 iko na hatua 5.

Hatua ya kwanza ni masharti. Mbele ya kuchora kitu, wanaandika kisanduku kinapashwa kufanya nini, kila sharti na namba yake, kwa maneno yanayoweza kupimwa. Huwezi kuandika «kikate vizuri». Utaandika: volti ikipita kiasi hiki, kwa muda huu, kikate mbele ya muda huu. Ya pili ni mchoro wa jumla. Ya tatu ni mchoro kamili, kila waya na kila kipande. Ya nne ni kukitengeneza chenyewe na kuona kama kile cha mkononi ni sawa na kile cha karatasi. Ya tano ni kukipeleka kiwandani, ili cha 500 kisitofautiane na cha kwanza.

Pembeni ya hizo hatua kunatembea kazi zingine ambazo hazina mwisho. Moja ni kufuatisha. Kila sharti linaonyesha ni fasi gani ya mchoro inalitimiza, na ni jaribio gani lililoshuhudia. Tena unaweza kurudi nyuma: kila kipande ku mchoro kinaulizwa, wewe unatumikia sharti gani? Kisicho na jibu, ama kinatoka, ama kuna sharti lililosahauliwa. Nyingine ni kuangaliwa na mtu mwingine. Ku ngazi za juu, aliyechora hawezi kuwa njo yeye peke yake anasema mchoro ni mzuri. Tunajua sababu: mtu haoni makosa ya mkono wake, kama vile mwanafunzi anasoma travai yake mara kumi na kosa linabaki pale pale.

Ya tatu ni kuchunga mabadiliko. Hapa kijana wangu wa redio alishtuka. Kwake, kondensateri ya aina moja ikikosa ku soko, anatia ingine inayofanana, kazi inaendelea. Mu ndege, ukibadilisha kondensateri moja, unaandika sababu, unaangalia masharti gani yanaguswa, unarudilia majaribio yale, na mwenye ruhusa anatia sahihi. Kwa nini? Juu ile «inayofanana» inaweza kufanana ku joto la nyuzi 25 na kuachana ku baridi ya chini ya sifuri.

Halafu kuna maadui ambao sisi wa chini hatuwaoni. Juu kule, kilometa 10 mpaka 12, chembe ndogo zinazoletwa na mionzi ya anga zinapiga chipu mara mamia kuliko hapa. Moja ikigusa fasi ya kumbukumbu, 0 inaweza kugeuka 1 bila kitu kuvunjika. Mchoraji anapashwa kuliwaza hilo toka mwanzo, atie namna ya kuligundua na kulisahihisha.

Njo ile bei. Ni mishahara ya watu wanaoandika, wanaosoma, wanaopinga na wanaorudilia, miaka na miaka.

HATA ETIKETI HAIZUII KILA KOSA

Sasa nisiwadanganye. Kama vile mbegu yenye etiketi inaweza kukuangusha, kisanduku chenye karatasi zote nacho kinaweza kukosea. Nitaleta mambo mawili ya ile ile 787.

La kwanza ni batri. Mwezi wa kwanza 2013, batri ya lithiamu iliungua mu ndege ya Japan Airlines ikiwa chini ku uwanja wa Boston. Siku 9 kisha, ndege ya ANA ilipashwa kushuka kwa haraka Takamatsu, Japani, juu ya batri pia. Marekani ikasimamisha 787 zake, inchi zingine zikafuata, na ndege zote za aina ile, karibu 50 duniani, zikalala chini. Walibadilisha ujenzi wa batri, wakaifungia ndani ya sanduku la chuma lenye bomba la kutoa moshi inje ya ndege. Na ndege ya kwanza kurudi kubeba abiria ilikuwa ya Afrika: Ethiopian Airlines, tarehe 27 mwezi wa nne 2013, kutoka Addis-Ababa mpaka Nairobi.

Wachunguzi wa Marekani, NTSB, walipotoa ripoti yao ya ule moto wa Boston 2014, walisema shoti ilianzia ndani ya selo moja na ikaambukiza zingine. Wakasema tena ya kama wachoraji hawakutia masharti ya kuzuia madhara makubwa ya shoti ya namna ile, na wakaguzi nao hawakuliona pengo lile. Musome tena: hawakutia masharti. Kosa lilikuwa ku hatua ya kwanza, mu ulizo ambalo halikuulizwa vizuri. Ni sawa na kuanza na mbegu mama iliyochanganyika. Utapalilia, utatia mbolea, inspekteri atapita, lakini kile ulichopanda njo utavuna.

La pili linagusa kisanduku chetu chenyewe. Mwezi wa tano 2015, mamlaka ya ndege ya Marekani, FAA, ilitoa amri kwa wenye 787: ndege ikiachwa na umeme unaowaka siku 248 bila kuzimwa hata mara moja, visanduku vyote vya kuongoza jenereta vinaweza kujifunga kwa wakati mmoja, na umeme wote wa jenereta kupotea. Sababu ni hesabu iliyo ndani ya programu, inajaa na kufurika. Mufanye wenyewe: namba kubwa inayoingia ku hesabu ya kawaida ya chipu nyingi ni 2.147.483.647. Ukihesabu kila sehemu ya mia ya segonde, namba ile inajaa baada ya siku 248 na nusu. Jenereta 4, visanduku 4, lakini kichwa kimoja ndani ya vyote. Watu 4 wakinakili toka ku daftari moja, wote wanakosa ulizo moja.

Lakini hii yenyewe ilionekana ku laboratuari, mbele haijafika angani. Amri ikaomba kwa muda umeme uzimwe na kuwashwa mbele siku 120 hazijapita, mpaka programu mpya itakapokuwa tayari. Njia ile ndefu haikuzuia kosa kuzaliwa. Ilisaidia kulipata, kujua ndege gani ziko nalo, na kuambia kila mwenye nazo afanye nini. Termostati yetu ilipokufa, mfanyabiashara hakujua hata mtengenezaji ni nani. Labda ziko zingine 50 mu Maniema, zinangoja usiku wao wa 14. Nani atawaambia wenye nazo?

SISI JE

Kuna mwenzetu atasema: hayo ni mambo ya wazungu, sisi hatutengenezi ndege. Lakini tunazipanda. Mu Maniema, wakati barabara inakatika, ndege ndogo njo inaleta dawa na kupeleka wagonjwa. Na tangu 2006 kampuni za ndege za Kongo ziko mu liste ya Ulaya ya zile zisizoruhusiwa kuruka kwao. Sababu inayorudiliwa si ya kama marubani wetu hawajui kazi. Ni uangalizi: ushahidi wa kutosha ya kama mamlaka inafuata, inaandika na inakagua haujaonekana. Tunarudi ku ulizo la mama prezida, safari hii mu inchi nzima.

Kijana wangu hatatengeneza kisanduku cha 787 kesho. Nilimwambia wazi. Peke yake hakuna anayeweza. Aliyechora na anayekagua ni lazima wawe watu wawili toka mwanzo. Lakini daftari haliombi kiwanda. Nilinunua moja ya kurasa 100, tukaandika juu yake KUVEZE. Ku ukurasa wa kwanza tuliandika masharti. Sharti la 1: joto lisipite nyuzi 38,5 hata saa moja. Sharti la 2: rele moja ikishikamana, kitu kingine kikate. Kutoka hapo njo ikaja termostati ya pili, ya chuma kinachopinda kwa joto, isiyotumia chipu, tukaitia ku laini moja na ile ya kwanza. Yeye amechora, mimi nimekagua, nikapata makosa 2. Mimi niliandika meza ya majaribio, yeye akapata kosa 1 langu. Hatukufurahi, lakini tulitia sahihi.

Kisha tukaenda kumsomea mama prezida masharti yote kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: «Na mimi nikilala, nani ataniamsha?» Tukatazamana. Hatukuwa tumeliwaza. Sasa ni sharti la 8: joto likitoka inje ya mpaka, kengele ilie fasi anapolala.

Kijana anataka kisha pale atengeneze regilateri ya friji ya chanjo ya sante santre moja. Nilimjibu: hapo mtoto wa mtu iko ndani, daftari litakuwa nene zaidi, na muganga anapashwa kukaa na sisi wakati wa kuandika masharti, si wakati wa kufungua karatoni.

Ndugu zangu wa chama, kila mmoja wetu iko na lisansi. Tulijifunza kuandika, wengine kupima, wengine kukagua. Fundi wetu ku soko iko na mikono, lakini mara nyingi hana mtu wa kumkagua wala wa kumuandikia. Hiyo kazi hatuhitaji kungojea feza ya mradi ili tuianze.

Mama prezida hajakubali kutia mayai. Amesema kuveze itembee tupu siku 21 zote, na mmoja wa wamama aandike joto asubuhi, saa sita, jioni na usiku wa manane, atie alama yake pembeni. Leo ni siku ya 9. Ku siku ya 6 kengele ililia bure; tumeandika, tunatafuta sababu.